Firigisi ya Mzee wa Kiti cha Mbele

Mjomba wangu wa Itigi alikuwa na punda dume ambaye hakuogopa fisi wala fimbo, aliogopa kivuli chake mwenyewe. Asubuhi ukimpeleka upande wa magharibi, jua liko mgongoni, kivuli kinalala mbele yake, basi anagoma hapo hapo. Mjomba alilijua hilo, safari zake zote za magharibi akazipanga jua likiwa utosini. Mimi sikulijua. Nilikuwa nimetoka kwetu Ilongero, Singida, shule nimeiacha darasa la nne, natafuta kibarua, nikamtoa punda asubuhi na magunia mawili ya mtama mgongoni. Tulipofika kwenye reli kivuli kikalala juu ya vyuma, na punda naye akalala.

Treni ya abiria ndiyo kwanza ilikuwa inatoka stesheni, bado inajikokota. Dereva akapiga honi, akapiga tena, akasimamisha. Abiria wakashuka. Mmoja anavuta mkia, mwingine masikio, mama mmoja wa Kigogo anamsemesha punda kwa upole utadhani mkwewe. Mjomba alipopata habari alikimbia, lakini kwenda kujificha, si kuja kusaidia. Mwishowe akashuka mtu mnene mwenye aproni nyeupe, ana mkate uliopakwa sukari. Akaupitisha puani mwa punda, punda akainuka, akamfuata kama mbwa.

Yule mtu akaniuliza ni nani aliyefunga yale magunia, maana punda amelala, amevutwa huku na huku, na hakuna lililodondoka. Nikasema ni mimi.

"Njoo treni ikirudi," akasema. "Aliyeweza kumfungia mzigo huyu, ataweza kubeba supu."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kulisha watu walio safarini. Yule mwenye aproni alikuwa Mkuu wa Behewa la Chakula, yaani lile behewa lenye meza na vitambaa ambamo abiria wa daraja la kwanza walikuja kula. Nimeanza na punda kwa sababu vijana wa siku hizi mkisikia nilihudumia daraja la biashara kwenye ndege za masafa marefu, mnauliza nilisoma chuo gani. Nilisoma chuo cha punda. Na niliondokaje? Hapa Mwankoko ninapokaa sasa wapo wanaosema nilifukuzwa kwa kuiba kuku wa abiria. Nimeyasikia hayo kilabuni, nimeyasikia mpaka msibani. Leo nasema mwenyewe, na anayetaka kukasirika akasirike.

Siku yangu ya kwanza kwenye behewa nilimwaga supu ya mbuzi kwenye mapaja ya mkaguzi wa tiketi. Mkuu wa Behewa hakunitukana. Aliniambia ninabeba kwa mikono wakati supu hubebwa kwa magoti. Sakafu ikicheza, magoti ndiyo yacheze nayo, mikono ibaki pale pale. Nilikaa naye miaka, kati ya Dodoma na Tabora, mpaka nikawa naweza kupita na chai kwenye kona za Saranda bila kulowesha kisosi.

Kampuni moja ya ndege, jina lake naliacha, ilipoanza kutafuta wahudumu, Mkuu wa Behewa alinisukuma niende Dar es Salaam. Nikamkuta Mkufunzi, mama mrefu mwenye sauti kavu. Aliwauliza wenzangu vyeti, mimi akaniuliza nina nini. Nikamwambia nina magoti. Wale wenye vyeti wakacheka. Mama hakucheka. Akanipa trei yenye glasi zilizojaa maji, akaniambia nipande ngazi na kushuka huku vijana wawili wananisukuma mabegani. Hakikumwagika kitu. Akasema Kiingereza nitakipata masikioni, na kweli nilikipata, kile cha kutosha kuuliza kuku au samaki.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana watu wanadhani ndegeni kuna mpishi anakaanga vitunguu. Hakuna moto kule juu. Chakula hupikwa chini, hupozwa, hufungwa, na sisi tunakipasha kwenye majiko ya umeme yaliyobanwa ukutani kama makabati. Kinapikwa chumvi na viungo vikiwa vimezidi kidogo, kwa sababu mkiwa huko juu ulimi unapoteza ukali. Nyuma kwa wengi, kila kitu kinakuja kwenye trei moja, mtu anakula ameinamia kama anashona kiatu. Mbele ni tofauti. Mbele unaanza na taulo ya moto, unaitoa kwa koleo. Unatandika kitambaa, nembo ya kampuni imwelekee mgeni. Kisha kinakuja kitangulizi, kisha mkate, kisha sahani yenyewe, nyama ikiwa upande wa tumbo la mgeni ili asiizungushe. Chai humimini juu ya mapaja ya mtu. Unachukua kikombe chake kwenye trei, unamimina huku njiani, nusu tu kama ndege inatikisika. Na rubani na msaidizi wake hawali chakula cha aina moja, ili kikimharibu tumbo mmoja, mwingine abaki na ndege.

Nilizipenda kanuni hizo. Ninasema hivi kwa sababu kuna wanaodhani mimi ni mtu wa kudharau kanuni. Nilizishika zote, na wasichana wenye diploma walikuja kuniuliza.

Halafu akaja Meneja mpya wa Huduma za Angani. Kijana msafi, ananukia vizuri, na kila sentensi yake ilikuwa na neno viwango. Alitangaza kwamba wahudumu wa mbele wote wawe na cheti cha chuo. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina. Hakuniondoa, alisema ananichunguza. Nikawa naruka na lile neno shingoni, nikijua kosa moja tu linanirudisha nyuma ya ndege au linanirudisha Singida.

Meneja huyo huyo ndiye aliyeleta wazo la kuku wa kienyeji. Wageni wapewe ladha ya nyumbani, alisema, na akataka kuku wa Singida hasa, kwa sababu sifa zake zinajulikana mpaka Kariakoo. Nilifurahi. Nani asingefurahi? Kuku anayekimbizwa uwanjani Ilongero leo anapanda ndege mbele ya matajiri.

Furaha iliisha niliposhuka jiko la chini, pale wanapofunga chakula. Mifupa inatolewa, mapaja yanatolewa, inabaki minofu ya kifua, ile sehemu ambayo kwetu hupewa mtu asiye na meno. Na firigisi? Mpishi akanieleza kwamba kuku ana firigisi moja na sahani ziko nyingi, na amri ya Meneja ni kwamba sahani zote za mbele ziwe mapacha. Kwa hiyo firigisi zinakusanywa, zinakaangwa, zinatiwa kwenye chakula cha wahudumu.

Msomaji wa mbali huenda haoni tatizo, basi nimweleze. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ina mwenyewe. Ni ya baba wa nyumba, na akija mgeni anayemzidi heshima, baba anampisha. Hapewi mtoto, haionjwi jikoni. Firigisi ndiyo inayosema umekuja kwa nani na umepokelewaje. Sasa kwenye ndege ile wageni wanakula minofu isiyo na jina, na sisi tuliofunga aproni tumekaa nyuma ya pazia tunatafuna firigisi. Wenzangu walikula wakilamba vidole. Mimi zangu zilikuwa hazishuki.

Ikaja safari moja ya asubuhi kwenda Ulaya. Kiti cha mbele kabisa alikaa mzee wa Mkalama, Mnyiramba, koti limemzidi mabega, fimbo yake tumeilaza kwenye kabati la juu. Binti yake, daktari huko huko Ulaya, alikuwa anampeleka kutibiwa moyo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza mtu wa wapi. Nilipomwambia Ilongero akasema afadhali Mnyaturu kuliko mzungu, ila kidogo tu. Wanyiramba ni watani wetu sisi Wanyaturu, nikacheka.

Binti akaninong'oneza kwamba baba yake anatakiwa kumeza dawa za moyo akiwa ameshiba, na tangu jana yake hajagusa chakula. Hotelini alikataa, uwanjani alikataa. Alikuwa na hofu, nilimwona, vidole vyake vinakunja na kukunjua ile karatasi ya menyu.

Nikamtandikia mzee kitambaa, nikampa taulo, akajifuta uso mpaka kichogo. Nikaleta sahani ya kuku. Akaitazama. Akaigeuza kwa uma, upande huu, upande ule, kama anatafuta kitu kilichodondoka. Akaweka uma chini. Binti akamsihi kwa Kinyiramba, kisha kwa Kiswahili, kisha akageukia dirishani akifuta macho. Nikainama nikamuuliza mzee kama chakula kina kasoro.

"Kijana," akasema taratibu, "kuku huyu alizaliwa bila firigisi?"

Nikanyoosha mkono niiondoe sahani, akaizuia.

"Sisemi kwa ulafi. Nauliza tu nijue. Nimeletwa hapa kama mgeni, au kama mzigo?"

Kanuni ninaijua, na nataka mjue kwamba niliijua wakati ule ule: chakula cha wahudumu hakipandi meza ya abiria, hata akililia. Kina sababu zake, za afya na za mengine. Na neno la Meneja lilikuwa shingoni. Nikaenda nyuma ya pazia. Kisha nikatoa chakula changu mimi, si cha mtu mwingine, nikapasha firigisi mpaka zikatoa moshi, nikachagua moja nzuri, nikaiweka peke yake kwenye kisosi cheupe. Nikampelekea kwa mikono miwili, nimeinama.

Mzee alikitazama kisosi, akanitazama mimi.

"Umetoa wapi?"

"Ni yako, mzee. Ilicheleweshwa jikoni."

Akaikata vipande viwili, kimoja akampa binti yake, jambo ambalo nyumbani asingelifanya mbele za watu. Kisha akala kuku wote, akala wali, akala mkate, akaomba na siagi. Dawa zikamezwa. Binti alinishika mkono.

Ng'ambo ya njia alikuwepo bwana mmoja wa suti, msafiri wa kila wiki, mwenye kadi ya dhahabu ya kampuni. Akamwita Mkuu wa Wahudumu, dada mmoja mkali lakini wa haki, akauliza kwa nini yule mzee amepewa kitu ambacho hakipo kwenye menyu. Yeye pia anakitaka. Dada akanifuata nyuma ya pazia, akaniuliza kama kweli ni chakula changu. Nikasema kweli. Akasema bwana naye apewe basi, yaishe. Nikasema hapana.

"Kwa nini hapana, na wewe umeshaharibu?"

"Kwa sababu yule ni mdogo kwa mzee, dada. Nikimpa na yeye, ya mzee inakuwa kitafunwa."

Akanitazama kama naongea lugha ya ndege wa porini. Alikuwa na wajibu wa kuripoti, akaripoti. Simlaumu hata leo.

Tuliporudi Dar es Salaam niliitwa. Nilitegemea kufukuzwa, nikavaa sare safi kabisa, nisifukuzwe nimechakaa. Kumbe Meneja hakutaka kunifukuza. Binti wa mzee alikuwa amewasifu wahudumu wetu kwa wakubwa wa kampuni, wakubwa wakamsifu Meneja, na sasa kunifukuza kungemtia aibu. Akanikaribisha kiti. Akasema atanibakiza, tena mbele, kwa sharti dogo. Katika chumba cha pili kulikuwa na wanafunzi wapya wa uhudumu, wamejaa. Niingie, nisimame mbele yao, niwaambie nilichofanya, na niseme nilikifanya kwa kukosa elimu.

"Wape mfano tu," akasema. "Waone kwa nini tunadai vyeti. Dakika chache, halafu unarudi kazini kwako."

Niliitaka ile kazi. Msinisikie najigamba mkadhani sikuitaka. Nilikuwa na watoto shuleni, na hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu wa darasa la nne anamtandikia waziri kitambaa. Nilisimama, nikafungua mlango wa chumba cha pili. Wanafunzi wakainuka wakaniamkia shikamoo wote kwa pamoja, na Meneja akasimama pembeni ameshika mikono yake nyuma, ameridhika.

Nikawaambia habari yote, kama nilivyowaambia ninyi. Kanuni, sababu za kanuni, mzee, dawa, kisosi. Nilipofika mwisho Meneja akakohoa.

"Na kwa nini ulifanya hivyo?" akauliza, kunikumbusha.

"Nilijua ni kosa," nikawaambia wale watoto. "Ningekuwa sijui, ningempa na yule bwana wa suti. Nilijua kanuni na nilimjua mzee, nikachagua mzee. Mkitaka kuniita mkaidi niiteni. Kwamba sikuelewa, hilo sisemi."

Msichana mmoja wa mbele akauliza kama ningefanya tena. Meneja akasema hakuna maswali. Nikamwambia msichana ndiyo.

Meneja akaniambia kwa sauti ya chini nirudi ofisini kwake tukayazungumze vizuri, bado hatujaachana. Akatangulia yeye. Mimi nikavua beji ya jina, nikaiweka juu ya meza ya mwalimu, nikawaaga wanafunzi. Kwenye korido mlango wake ulikuwa wazi upande wa kushoto, namsikia anavuta kiti changu. Nikapinda kulia, nikashuka ngazi, nikapita getini, nikavuka barabara kwenda kutafuta basi la Singida.