Roho Moja

Juzi binti yangu wa miaka saba aliniomba nimruhusu kucheza gemu ya maroboti kwenye simu yangu. Niliikagua kwa hofu: hakuna damu, ni vyuma tu vinavyogongana.

"Nikifa naanza tena, mama," akaniambia.

Hapo nikakumbuka kibanda cha gemu cha Kinondoni, kilichonuka vumbi na nyaya zilizopata moto. Dada yangu mkubwa, Neema, ndiye aliyenipeleka mchana mmoja nikiwa mdogo. Roboti langu lilipoanguka mara ya pili, alinipigia kelele: "We! Umebakiwa na roho moja!"

Nilidhani anasema mimi, si roboti. Niliiacha gemu palepale, nikarudi nyumbani nikiambaa na kuta, kila honi ikinishtua.

Mama alikuwa uani, anachoma maandazi.

"Mama, nimebakiwa na roho moja."

Alicheka. "Kwani ulikuwaga nazo ngapi?"

"Tatu. Na wewe je?"

Akaacha kucheka, akanivuta karibu yake, mafuta yakaunguza maandazi.

Binti yangu nimemruhusu acheze. Ila siku hizi nikimtuma dukani, nasimama getini mpaka avuke barabara, na sitoki hapo mpaka arudi.