Maduka Yaliyokosa Eneo

Chiriku, kifungua mimba wa fundi cherehani, alijaliwa mdomo wa kuuza. Ndiyo maana kampuni ya sabuni ilimpa kazi ya kuzunguka madukani kuchukua oda. Mama yake aliipokea kazi ile kwa shukrani, lakini roho mkononi: mtoto wa kike, jua kali, mitaa ya watu asiowajua. Kila jioni alitega sikio, na mpaka geti lilie ndipo alipotulia.

Jumamosi moja asubuhi Chiriku alikaa mezani, kompyuta ya ofisi kando ya cherehani. Bosi wa mauzo alitaka ripoti kabla ya saa sita. Eneo litakaloonekana halitembelewi lingeunganishwa na la jirani, na mwenye nalo angepoteza kazi.

"Sasa presha ya nini? Si unatembea kila siku?" mama aliuliza, pini mdomoni.

"Tazama, mama. Jedwali hili ni la ziara zangu: nimeingia duka gani, siku gani, wameagiza nini. Hili jingine ni la maeneo: duka lipi liko eneo la nani. Hayajuani haya."

"Na yatajuana vipi?"

"Kila duka lina namba. Namba ndiyo mshenga."

Akaandika fomula, akabofya. Kufumba na kufumbua, safu iliyokuwa tupu ikajaa majina ya maeneo, juu mpaka chini ya skrini. Mama akatemea pini kiganjani.

"Mungu wangu! Nani kayaandika yote hayo?"

"Yenyewe."

Kisha Chiriku akatoa muhtasari wa ziara za kila eneo. Eneo lake lilikuwa na ziara za kuhesabu kwa vidole.

Mama akamgeukia. "Mwanangu, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Mama! Hata wewe?"

Akaanza kuteremka mstari kwa mstari. Chini zaidi, katikati ya majina, kulikuwa na visanduku vitupu, vingi. Akapiga paji la uso. Soko lilipobomolewa kupisha barabara, wenye maduka walihamia majengo mapya pande zote mbili za daraja, wakapewa namba mpya. Ziara zilikuwa na namba hizo. Orodha ya maeneo bado ilikuwa imelala kwenye namba za soko la zamani. Kwa hiyo maduka yale hayakuhesabiwa kwa mtu yeyote.

"Basi jaza eneo lako kote, yaishe."

"Siyo yote yangu. Ya upande huu ndiyo yangu. Ng'ambo ya daraja ni ya mwenzangu, mimi niliwafuata tu wateja wangu waliohamia."

"Nani atajua?"

"Yeye. Na ana mdomo kunishinda."

Akajaza ya upande wake, ya ng'ambo akayapaka rangi ya njano, akatuma. Simu ikaita upesi mno. Mama akasimamisha cherehani.

"Wewe Chiriku, unajigawia maduka?" Sauti ya bosi ilijaa chumba.

"Soko lilihama, bosi. Orodha ya maeneo haikuhama nalo. Kila ziara ina picha ya duka, fungua yoyote."

"Subiri."

Wakasubiri. Mama alishika ukingo wa meza kama vile nyumba inataka kuondoka.

"Kumbe," bosi akasema hatimaye. "Haya, eneo libaki kwako. Hayo maduka ya njano tutayazungumza Jumatatu na mwenzako."

Chiriku akacheka kwa nguvu, akataka kufunga kompyuta. Mama akamzuia mkono. Siku zote alipofikiria kazi ya mwanawe aliona barabara moja tu, na mtoto wake akitembea peke yake. Sasa mistari ilishuka bila kikomo, na kila mmoja ulikuwa mlango uliobishwa, mtu aliyesalimiwa, katoni iliyouzwa.

"Huku kote umefika?"

"Nimefika."

"Na hapa?"

"Hapo mara tatu. Mama, gauni la mteja linakungoja."

"Lingoje," mama akasema, akavuta kiti. "Teremsha."