Mijohoro Isiyovunwa ya Ilula

Wasomaji wangu, wiki hii nimemzika rafiki, na nimeumia. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu wa Ilula, mbishi kupindukia, aliyeimaliza nguvu yake kwenye barabara ya Mbeya. Alipostaafu alirudi kwenye shamba lake dogo lililo katikati ya lami na shule ya msingi. Badala ya kulima nyanya kama majirani, akapanda safu za mijohoro, na chini yake michongoma iliyosongamana hata kuku hapenyi.

Sasa mtujue sisi watu wa Iringa. Huku mti ni akiba. Mtu akipata mtoto anapanda mipaina, mtoto akifika sekondari mipaina inakuwa mbao, ada inalipwa. Kwa hiyo kila aliyepita pale alimuuliza, "Mzee, unavuna lini?" Naye akajibu, "Sivuni." Wakamcheka, na mimi nikamtania kwamba uzee umemkalia vibaya. Kiangazi kimoja akanishika mkono hadi safu ya mbele, akatoa leso nyeupe, akafuta majani. Leso ikatoka nyeusi. "Ujana wangu wote nimewamwagia watu moshi," akasema. "Uchafu huu ulikuwa unakwenda vifuani mwa watoto. Majani hayaumalizi, lakini yanaupunguza." Nikaacha utani, maana walimu walishaniambia kwamba zamani madirisha ya upande wa barabara yalifungwa kutwa, na watoto wenye pumu walikuwa hawakai darasani. Siku hizi yanafunguliwa.

Msiba kwetu unapikiwa na kijiji kizima, na kuni hukatwa shambani kwa marehemu mwenyewe, ndiyo heshima yake. Asubuhi ya mazishi nikawakuta vijana na chenso, msumeno ule wa mashine, na mwenyekiti wa kijiji akiwaonyesha mjohoro wa kuanza nao. Hawakuwa na ubaya hata kidogo. Walidhani wanampa mzee haki yake. Mjane, ambaye kwa desturi hatoki mkekani, akatoka na khanga yake mabegani hadi pale.

"Kamwene, mwenyekiti," akasalimia.

"Kamwene, mama. Pole sana. Tunataka kuni tu, watu ni wengi."

"Najua ni wengi. Lakini mimi nimeuza nyanya hapo barabarani, nimekohoa mpaka nikachoka, hewa ya hapa naijua. Mkiikata mijohoro hii leo, kesho watoto wanafunga tena madirisha. Kuni kila mtu alete kutoka kwake."

Mwenyekiti akainamisha kichwa, akawaambia vijana wazime mashine. Kabla ya ibada uwanja ulikuwa umejaa kuni, wanawake wamezileta kichwani. Na mimi nilibeba, mgongo bado unaniuma.

Nilichojifunza nakisema bila kupamba. Kupanda mti wa mbao tunajua, hatuna wa kutufundisha. Kinachotushinda ni mti wa kubaki umesimama, kwa sababu faida yake huwezi kuipeleka sokoni. Inaingia puani mwa mtoto wa jirani. Anayeupanda atachekwa, na akishafariki kila mtu ataona kuni. Kwa hiyo mtu mmoja hatoshi kuulinda, awe mbishi kiasi gani. Juzi mwenyekiti ameniuliza kwa utani kama sasa nimekuwa mlinzi wa mijohoro. Nimemjibu ndiyo, na kwamba zamu inayofuata ni yake. Amecheka, halafu amekubali.