Nashon Alivyomsimamisha Mpiga Piano

Mimi Wepukhulu si mtu wa kuweka kinyongo, lakini ile jioni ya mwaka wa tisini na sita bado inanitia kichefuchefu, na sitajifanya imepita.

Nashon Oluoch alikuwa fundi wa vitanda Soweto West, Kibera. Mimi nilikaa Gatina, kule Kawangware, lakini banda la kazi lilikuwa letu sote wawili, na humo tulizozana kama wake wenza. Nashon alikuwa na ugonjwa mmoja tu: sifa. Wajaluo wana desturi yao. Nyatiti, kinubi chao cha nyuzi nane, ikipigwa, msikilizaji huinuka na kutupa sarafu, mpigaji ananyamaza, yule anajisifu na kuwasifu watu wake, kisha muziki unaendelea. Ndiyo heshima ya mpigaji. Asiyesimamishwa ajue hajapendeza. Hakukuwa na harusi wala matanga ambako Nashon hakumsimamisha mpigaji. Alianza na yeye mwenyewe, akapitia ukoo mzima, na mtoto wake Caren akamweka mwisho, kama watu wanavyoiacha nyama iliwe mwisho.

Caren alilelewa na baba huyo peke yake. Alifundishwa fidla na masista, akaingia okestra moja ya mjini, mstari wa nyuma kabisa. Mwaka huo alikuja mgeni kutoka Ulaya kuiongoza, pamoja na mpiga piano wake, na ikasemekana huyo mgeni angechagua kijana mmoja akasomee muziki kwao. Caren aliitaka nafasi hiyo mpaka akakonda. Nashon naye hakulala. Kila siku bandani aliniuliza, mzungu atamjuaje mtoto wake kati ya watu wote hao, kama hakuna wa kumtaja?

Basi jioni ya onyesho tukaenda, Nashon ndani ya suti yake ya matanga. Ukumbi ulijaa marashi mpaka koo likaniwasha. Mama mmoja aliyekaa karibu nasi alisogeza kiti chake, akaziba pua kwa kitambaa, na sisi tulikuwa tumeoga. Ptuu! Watu wa namna hiyo wananichukiza hadi leo.

Okestra na piano walipiga pamoja kwa muda mrefu. Halafu wote wakanyamaza, mgeni akashusha fimbo yake, akabaki mpiga piano peke yake, vidole vinakimbia. Baadaye nilielezwa kwamba ndivyo muziki ule ulivyotungwa, kuna mahali piano huachiwa ijionyeshe. Nashon hakuelezwa. Yeye aliona wapigaji wengine wamemnyamazia mpiga piano, akajua nafasi ya kumsimamisha imefika. Kabla sijamshika koti, alikuwa jukwaani.

Aliweka sarafu juu ya piano, taratibu, kwa adabu zote. Mpiga piano akaacha kupiga. Nashon akaanza kwa Kijaluo, kifua mbele: yeye ni ndume wa ziwani, fundi ambaye nusu ya watoto wa Soweto West walipatikana juu ya vitanda vyake. Akamtaja baba yake, akamtaja babu. Mimi kule kitini nilikuwa namwombea afupishe, awaruke mababu amfikie mtoto. Hakumfikia. Askari wawili walimkamata mikono, na ukumbi ukacheka puani, cheko la watu walioona panya sahanini.

Meneja wao, Githinji, akatoka mbio uso umemwiva. Akamgeukia Caren, kwa sababu ndiye Mjaluo pekee pale mbele. Mgeni alikuwa anatazama.

"Caren, huyu mzee ni wa kwenu?"

Caren alimtazama baba yake kuanzia viatu hadi kichwani.

"Hapana," akasema. "Simjui."

Nashon akaacha kushindana na askari, akatembea mwenyewe hadi nje. Nilimfuata nikitukana kwa Kibukusu, maana Kiswahili hakikunitosha. Njia nzima aliniuliza jambo moja tu, kama nilidhani watamchagua.

Walimchagua. Caren alipokaribia kusafiri, Nashon alichinja kuku wake wote, akaalika majirani. Caren alikuja na viatu vya kisigino, akapita akimimina chai na kutabasamu, nami nilivitazama vile vidole vyake vya fidla nikaisukuma sahani kando. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa, lakini mimi sikumzaa, na bado ulinipata.

Habari ya mzee aliyesimamisha muziki wa wazungu ilikuwa imeshafika Kibera. Wafanyakazi wa mjini wanalala wapi kama si huku? Jirani yake Audrey akaanza utani mbele ya wote: Oluoch, kazi hiyo tunayemjua nayo ni mmoja tu, si ni wewe? Watu wakacheka, wakamngoja ajibu. Birika likasimama mkononi mwa Caren.

Nashon alifuta mdomo.

"Nilikuwako, nilimwona," akasema. "Mlevi fulani tu. Hata Caren aliwaambia hamjui."

Caren akaendelea kumimina chai. Alipofika kwangu, nilifunika kikombe kwa mkono.