Mkono Juu ya Marumaru

Nikinusa ndimu iliyokatwa karibu na majivu, sikumbuki samaki wala kachumbari. Naikumbuka meza yetu ya Bagamoyo, duara la jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu, ambalo babu alilinunua kwa jirani aliyekuwa akihama. Iling'aa hata ukijiangalia unajiona, kidogo umevimba.

Wiki ile tulikuwa tunangoja ugeni. Bi Rukia wa Msata alikuwa anakuja na shoga yake kumtazama dada yangu Zuhura, kabla wazee wao hawajaleta posa. Kijana mwenyewe, mwanawe Bi Rukia, Zuhura alishamkubali zamani. Kilichobaki ni kumridhisha mama yake.

Nyumbani kwetu msichana hakupaka hina viganjani mpaka aolewe. Zuhura alilijua hilo. Lakini siku moja kabla ya ugeni alikoroga hina kidogo, akajipaka kiganja cha kulia, eti anajaribu tu itakavyokolea. Akakaa kuingoja ikauke, usingizi ukamchukua, mkono ukalala juu ya meza. Alipoamka, jiwe lilikuwa na kiganja kizima na vidole vyake, rangi ya kutu.

Mama hakupiga kelele. Alisema, "Mwenye pupa hadiriki kula tamu," akaenda jikoni.

Katika usafi Mama aliamini ndimu na majivu. Birika la shaba, masufuria, sinia, vyote viling'aa kwa hayo. Akakamua, akanyunyiza, akasugua kwa kumbi la nazi. Jiwe likatoa vipovu, akafurahi.

"Unaona? Doa linalia."

Lilipokauka, tukainama kulitazama. Mkono ulikuwa palepale, umekolea zaidi, maana hina yenyewe hukorogwa kwa ndimu ili ishike. Na pembeni mwake mng'aro ulikuwa umekufa, jiwe limefifia kama chaki. Mwanzo tulikuwa na doa. Sasa tulikuwa na doa lenye fremu.

"Mama, umelikoleza," alisema Zuhura.

"Nyamaza. Kesho watasema hajaposwa, keshajipamba. Utazeekea humu humu pamoja na meza yako."

Tukatandika kitambaa cha kufuma. Zuhura akaagizwa afumbe mkono wa kulia muda wote, na halua ailete kwa sinia, kiganja chini yake.

Bi Rukia alikuwa mnene, sauti ya taratibu, macho hayatulii. Zuhura alimwamkia shikamoo, akampa ngumi badala ya mkono.

"Marahaba. Una nini, mwanangu?"

"Nimejikata kisu."

Zuhura akaenda kuleta halua, Mama akageuka kumimina kahawa. Mimi nilikaa mkekani, pale watoto wanaposahauliwa wakaona kila kitu. Nikamwona Bi Rukia akiinua ncha ya kitambaa, kama anayekagua ufumaji. Akatazama kwa muda, kisha akaishusha taratibu.

"Sinia liweke hapa hapa, mbele yangu," alimwambia Zuhura, akionyesha mahali penyewe. "Halua siipendi ikiwa mbali."

Akaanza kula. Kila shoga yake alipolivuta sinia, alilishika.

"Rukia, lisogeze basi. Na sisi tuna midomo."

"Wewe una sukari. Nyoosha mkono uchukue kidogo."

Alikula mpaka wakaaga. Nikamwambia Mama yule mgeni ni mlafi.

"Mungu ambariki na ulafi wake," alijibu. "Laiti angelisogeza sinia, tungeumbuka."

Posa ikaletwa. Baada yake kikaja kikapu kutoka Msata: chupa ya ile dawa ya vidonda inayotoa povu, unga wa ngano, msasa laini na poda ya kung'arishia mawe. Aliyekileta alipewa maneno ya kusema: "Kandeni unga kwa dawa, mpake juu ya ule mkono wa mezani, mfunike kwa nailoni mpaka ukauke. Kisha msugue kwa msasa na maji, mmalizie na poda. Ndimu mkatie samaki. Mimi niliharibu nayo kizingiti cha mama mkwe wangu."

Mama alikaa chini kwanza. Tulipaka, tukapaka tena, mkono ukatoka. Tulisugua mpaka mabega yakauma, na asubuhi moja Mama akajiona tena mezani, amevimba kama zamani.

Mimi niliendelea kumwita Bi Rukia mlafi, kimoyomoyo, hadi nilipokuwa msichana mkubwa. Siku hiyo nilikwenda Msata kumtembelea Zuhura, nimembebea mkwewe halua nzuri ya kwetu. Zuhura akaipokea na kuificha kabatini.

"Usimwonyeshe mama mkwe," alisema. "Halua haipendi tangu utoto. Hata harufu yake humchefua."