Siku Kumi na Saba za Mto Msimbazi

Safari yangu ilikuwa ya kutoka Magomeni kwenda Kariakoo. Cheka kwanza, nitakusubiri. Wenzangu darasani wameandika habari za Arusha na Zanzibar, na mmoja kaandika habari za ndege ambayo aliiona tu ikipita juu ya paa lao. Mimi nilitembea kwa mguu, nikavuka bonde, na sina hamu ya kurudia.

Kilichoniondoa nyumbani ni simu. Ijumaa jioni Bi Salma, mwenye nyumba wa Profesa, alimpigia mama. "Mwambie Hamisi kesho asubuhi alete daftari la maji. Mzee analiulizia. Na asichelewe, maana hali si hali."

Profesa ni yule Mbrazili aliyetuanzishia klabu ya fizikia shuleni. Alizaliwa upande mkavu wa Brazili, mahali ambapo, kwa maneno yake, hata mbuzi waliomba mvua. Alisoma mpaka akapewa kibanda juu ya mlima, kazi yake kuhesabu chembe zinazoshuka kutoka angani, zile zinazokupita mwilini sasa hivi bila kupiga hodi. Kisha wanajeshi wakashika nchi, wakaingia chuoni kwao, wakayachoma madaftari yake uani huku anatazama. Akakimbia. Alifika Dar kufundisha kwa miaka miwili, na miwili ile haikuisha. Aliwafundisha wazazi wetu mawimbi kwa spoki za baiskeli alizookota Kariakoo. Alipostaafu, akaanza kuupima mto Msimbazi.

Alisimika mti kando ya bustani za mchicha, bondeni Jangwani, akaupaka nyeupe na nyekundu kila baada ya sentimita kumi, na vijistari vya sentimita moja moja katikati. Kila asubuhi mwanafunzi mmoja wa klabu huenda kuona maji yamefika wapi, anaandika. Sheria ilikuwa moja: tazama mara mbili, andika mara moja. Mwezi ule zamu ilikuwa yangu.

Sasa nikwambie asilolijua mama. Siku kumi na saba sikwenda. Mvua ilianza, tope likawa tope, na mimi nilikuwa na kitanda. Niliandika namba nikiwa ndani ya shuka: arobaini na mbili, arobaini na nne, arobaini na tatu. Shuleni tunaita kupika, na aliyefanya praktikali za fizikia akakwambia hajawahi kupika, huyo anapika hapo hapo. Mimi ni mpishi mzuri. Namba zangu hazinyooki sana, natia chumvi hapa na pale ili zionekane zimetoka shambani.

Saa moja asubuhi, Magomeni. Niliondoka na daftari ndani ya mfuko wa sukari, nimeufunga mafundo mawili. Mpango ulikuwa rahisi: namsomea, anafurahi, narudi nyumbani kula.

Saa moja na nusu, Jangwani. Maji yalikuwa yamelala juu ya barabara, kahawia, yanazungusha ndala na vipande vya godoro. Mabasi yalikuwa yamezuiwa. Vijana wa mikokoteni walikuwa wakivusha watu.

"Panda, dogo. Mzigo wako nini?"

"Daftari."

"Daftari Jumamosi?"

"Napeleka vipimo vya maji kwa mgonjwa."

Aliyatazama maji yaliyomfika mapajani. "Mwambie yapo."

Nikacheka. Kwenye mkokoteni alikuwepo mama mmoja amekumbatia televisheni iliyoloa. Yeye hakucheka. "Tumelala juu ya kabati," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. Nilikuwa na neno jingine la utani mdomoni. Nikalimeza.

Kutoka juu ya mkokoteni niliutafuta mti. Haukuwepo, na bustani zenyewe hazikuwepo. Aibu kusema, lakini nilifurahi. Wakiniuliza, nitasema umesombwa leo.

Saa mbili na nusu, Kariakoo. Bi Salma alikuwa anapanga masufuria mbele ya duka lake. Babu zake walitoka Arabuni, yeye amezaliwa ghorofani hapo hapo, na ulimi wake ni wa Kariakoo mia kwa mia.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba. Umeloa mpaka magoti, umekuja na papa?"

"Nimekuja na meli ya matairi mawili."

Siku nyingine angenirudishia. "Panda juu," alisema. "Panguza miguu. Na usimchoshe."

Profesa alikuwa kitandani, na shuka lilikuwa bapa kama halina mtu chini yake. Ukuta mzima ulibandikwa karatasi za grafu zilizoungwa kwa gundi, miaka yote ya mto, mstari mmoja unapanda na kushuka kuzunguka chumba. Na nyuma ya mlango, umeegemezwa ukutani, tope limeukaukia, ulikuwepo mti. Nyeupe, nyekundu, nyeupe.

"Mwenye bustani aliuokota," Bi Salma alisema nyuma yangu. "Siku ile ya mvua ya kwanza. Akauleta mpaka hapa."

Mvua ya kwanza ndiyo siku ya kwanza niliyobaki kitandani.

"Soma," alisema Profesa.

Nilisoma zile siku za kweli. Bi Salma alikuwa ukutani na penseli, akiweka nukta alivyofundishwa. Kisha nikafika kwenye zile nilizopika.

"Arobaini na mbili."

Penseli ilisimama. Chini dukani spika ilikuwa inatangaza bei za masufuria. Profesa hakuutazama mti. Alinitazama mimi, akangoja.

"Sikwenda, Profesa."

"Siku ngapi?"

"Kumi na saba."

Alifumba macho. "Kila asubuhi nilimwambia Salma, usimpigie, leo kijana atakuja kusema mti haupo. Tutausimika tena." Akatafuta pumzi. "Mvua kama hii nimeingoja miaka yote."

"Nichane ukurasa?"

"Karatasi zangu zilishachomwa mara moja. Inatosha. Piga mstari mmoja, isomeke. Ukutani paachwe wazi."

Nikapiga mistari kumi na saba kwa rula. Hakusema nimesamehewa, wala mimi sikuuliza. Nilipomaliza akasema, "Leo maji yako wapi?"

"Yamemfika kijana wa mkokoteni mapajani."

"Ana urefu gani?"

"Sikumtazama."

Akageuza uso ukutani.

Saa tano, Jangwani tena. Nilikuwa nimebeba mti begani. Kijana wa mkokoteni alikuwa yule yule.

"Sasa umerudi na bendera?"

"Kaka, simama hapa kidogo. Nyooka."

"Unanipimia jeneza?"

"Napima maji."

Alisimama, nikausimika mti pembeni ya mguu wake, penye lami. Nilitazama. Nikatazama tena. Sabini na tisa. Niliandika, na pembeni nikaongeza: barabarani, si bustanini.

Saa sita, Magomeni. Nilichukua simu ya mama, nikampigia Bi Salma.

"Sabini na tisa."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Amelala. Akiamka nitamwambia."

Hakuamka. Tulimzika Jumatatu, na wazee waliosoma kwake walisimama kwenye tope na viatu vyao vizuri.

Msafiri hutakiwa kusema amerudi na nini. Mimi nilidhani namba ya kupika haimuumizi mtu, ni wino tu. Sasa najua inakula nafasi ya kitu kilichotokea, na kilichotokea hakirudi kukusubiri uamke. Ukutani Kariakoo kuna pengo la siku kumi na saba, mvua kubwa kuliko zote, na hapo mto hauna habari. Baada ya pengo kuna nukta moja, ambayo Bi Salma aliiweka baada ya mazishi. Hakuiunga na mstari. Alisema yeye hakuambiwa aiunge.

Mti tumeusimika upya. Zamu yangu ilikwisha zamani, lakini hakuna aliyeniomba nimwachie. Asubuhi hii maji yalikuwa thelathini na nane. Nilitazama mara mbili.