Fundi na Nafasi ya Mbele

Fundi cherehani yule alijulikana kwa jambo moja: suruali zake mwenyewe zilikuwa pana kuliko za wateja wake wote. Wakimtania, alijibu kwamba huo ni mtindo, na wapo vijana waliomwamini wakataka kushonewa vivyo hivyo. Mtindo, wapi! Mzee wa watu alikuwa na busha, na kila mwaka alijiongezea kitambaa cha mbele.

Miili ya wenzake aliipima bila haya, wa kwake hakutaka hata kuutaja. Mwisho maji yakazidi unga. Kila alipokanyaga pedali ya cherehani busha lilimbana, naye akanyanyuka kabla mshono haujafika mwisho. Nguo za watu zikarundikana. Bila cherehani yeye ni nani? Aliogopa kuipoteza kazi, lakini kisu alikiogopa zaidi, maana kichwani mwake kupasuliwa na kuhasiwa vilikuwa kitu kimoja.

Mkewe alimsukuma mpaka akaenda hospitali. Kumbe daktari ni mwanamke, umri wa dada yake.

"Unasumbuliwa na nini, baba?"

"Mshipa," akasema, akitazama dari.

"Wa wapi?"

"Huku... chini. Nikikanyaga pedali."

Daktari akadhani ni mshipa wa mguu, akaubonyezabonyeza, akampa dawa ya kuchua. Fundi akarudi nyumbani na chupa yake, kifua mbele.

Mkewe alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Baba watoto, hii utajichua wapi?" Kisha kicheko kikageuka kilio. "Miaka yote hii najifanya sioni. Nimechoka kujifanya."

Kesho yake walikwenda pamoja, na mkewe hakungoja kuulizwa. "Ni busha, daktari. Mguu wake mzima kabisa." Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Daktari hakucheka. Alimlaza, akammulika kwa tochi, akamweleza kwamba ni maji yaliyojikusanya kuzunguka korodani, si saratani. Watayatoa, watashona, na uanaume wake hautaguswa.

"Mnashona?" Fundi akapumua kwa mara ya kwanza. "Kwa uzi gani?"

Alipopona alizipunguza suruali zake zote. Sasa alikaa kwenye cherehani mpaka mshono uishe, na mkewe akipita alimpiga jicho la utani.

Siku moja akaingia mwalimu wa jirani, amevaa koti refu na jua linawaka. Fundi alipoinama na futi kumpima, mwalimu akamnong'oneza:

"Fundi, mbele niachie nafasi kidogo. Nina mshipa."

Moyo ulimuuma fundi, maana aliisikia sauti yake mwenyewe. Akaikunja futi.

"Nafasi sikuachii, ndugu yangu. Sema busha."

Mwalimu akatazama mlangoni, akatazama viatu vyake.

"Busha," akasema, kwa sauti ndogo.

"Haya, twende. Nakusindikiza." Fundi akaifunika cherehani yake.